Seva inazimika kila mara: uanze na logi, memtest, kuikamua au kuhamisha vipuri?

Seva ikizimika mara ya kwanza, watu huiwasha na kazi inaendelea. Mara ya pili wanalaumu programu iliyosasishwa wiki iliyopita. Mara ya tatu lazima atokee mtu wa kusema, "Hiyo ni RAM," achomeke flashi yenye memtest, programu ya kupima RAM, na usiku mzima upotee. Mtu huyo nimewahi kuwa mimi, zaidi ya mara moja. Ndiyo maana nimeziweka hapa njia nne za kumsaka mkosaji ndani ya maunzi, bega kwa bega: kila moja inaona nini, haioni nini, na ipi uanze nayo kwa aina ya kifo kinachoisumbua seva yako.

Niseme msimamo wangu mapema ili usisome huku ukibahatisha. Njia tunazozikimbilia ni zile zinazotupa shughuli, yaani majaribio yenye skrini inayosogea na asilimia zinazopanda. Lakini jaribio likipita bila kosa, kitu pekee ulichojifunza ni kwamba halikukamata kitu. Logi, yaani madaftari ya matukio ya mashine, huwa zimeshaandika jibu kabla hujafika. Na kama hazikuandika, anayetoa hukumu ni kuhamisha kipuri tu.

Kwanza, inakufaje?

Usichague njia kabla hujajua aina ya kifo. Kuna kifo cha kimya: mashine inachapa kazi, mara imezimika au imejiwasha upya, na mstari wa mwisho kwenye logi ni wa kawaida kabisa, pengine wa cron, mpangaji wa kazi za ratiba. Mfumo haukupata hata nafasi ya kulia. Hapo washukiwa wa kwanza ni umeme, joto na ubao mama, na wakati mwingine kosa zito la prosesa au RAM lililoilazimisha mashine kujiwasha upya kabla kerneli, kiini cha mfumo endeshi, haijaandika neno.

Kuna kifo chenye maneno: panic ya kerneli kwenye Linux, skrini ya buluu kwenye Windows. Kusanya maneno hayo kutoka vifo vitatu au vinne kisha uyalinganishe. Kama vyote vinaangukia kwenye draiva ileile, fanksheni ileile, mshuku mwandishi wa programu. Kama leo ni mfumo wa faili, kesho ni mtandao, keshokutwa ni programu ambayo haijaguswa mwaka mzima, mshuku RAM au prosesa. Programu mbovu hukosea palepale ilipoandikwa vibaya. RAM mbovu humkosesha yeyote ambaye data yake imeangukia kwenye biti iliyooza.

Halafu kuna kuganda. Feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini ping haijibu na kibodi haina uhai. Hapo ongeza kwenye orodha kontrola ya diski na kadi zilizochomekwa kwenye PCIe.

Watumiaji wa Windows wana mtego wao: tukio namba 41 la Kernel-Power. Wengi wakiliona wanaagiza pawa saplai mpya siku hiyohiyo, kwa sababu limeandikwa "power". Tukio hilo linasema tu kwamba mashine iliwaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Hata ukichomoa waya kwa mguu utalipata. La kusoma ni WHEA-Logger, kwa kuwa hilo ndilo linalobeba ripoti za makosa ya maunzi yenyewe.

Logi: njia isiyohitaji bisibisi

Seva nyingi zina kompyuta ndogo ndani yake, BMC, inayoishi kwa umeme wake wa akiba hata seva ikiwa imezimwa. Dell wanaiita iDRAC, HPE wanaiita iLO, lakini karibu zote zinaelewa IPMI, kanuni iliyotolewa mwaka 1998. BMC ina daftari lake, SEL, na uzuri wa daftari hilo ni kwamba halitegemei mfumo endeshi. Kerneli ikifa, BMC bado inaandika.

Amri ni moja:

`ipmitool sel elist`

Kuna seva moja tuliyokuwa tukiitunza, ilikuwa ikizimika kimya takriban mara moja kwa wiki, mara nyingi saa nane usiku. Memtest ilikwenda usiku wa kwanza, ikapita. Tukairudia usiku wa pili, ikapita tena. Tulikuwa tumeshaanza kuzungumzia kubadilisha ubao mama mtu alipofungua daftari la BMC, na huu ndio mstari uliokuwa umekaa pale wiki tano ukitusubiri:

`Power Supply PS2 | Failure detected | Asserted`

Seva ilikuwa na pawa saplai mbili, moja ikifa nyingine inabeba. Ya pili ilikuwa imekufa kitambo, na taa yake ya rangi ya chungwa ilikuwa ikiwaka nyuma ya raki, mahali ambapo hakuna mtu hupita. Iliyobaki ilitosha mchana. Saa nane usiku kazi ya kuhifadhi nakala ilipoanza, diski zote zikazunguka na prosesa zikabana data kwa nguvu zote, mzigo ulipita uwezo wa moja, nayo ikajikata ili isiungue. Memtest isingeweza kuligundua hilo hata ingekimbia mwezi mzima, kwa sababu inapokimbia diski hazina kazi na mashine haivuti umeme kama usiku wa nakala.

Kabla hujaanza kulinganisha saa za daftari hilo na za logi ya mfumo, angalia saa ya BMC kwa `ipmitool sel time get`. Mara nyingi iko kwenye UTC (saa ya kimataifa) au imechelewa, na nimeona watu wakitupa ushahidi safi kwa sababu "saa hazilingani". Pia tafuta neno Watchdog. BMC inaweza kuwa imewekwa iwashe upya seva isiyojibu kwa dakika kadhaa. Ikiwa hivyo, ulichokiona kama kifo cha kimya kilikuwa kuganda, na watchdog ndiye aliyemaliza kazi. Ukikosa mstari huo utamtafuta mkosaji mtaa usio wake.

Sensa za BMC nazo zina mipaka. Reli ya volti 12 inatakiwa ibaki kati ya 11.4 na 12.6, na ukiikuta 11.3 umepata kitu. Lakini BMC hupima kwa vipindi. Volteji ikizama kwa milisekunde chache na kuua mashine, sensa itakuonyesha 12.1 na sura ya asiyejua kitu.

Daftari la pili ni la mfumo endeshi. Kwenye Linux sakinisha rasdaemon, inayokusanya ripoti za makosa ya maunzi, kisha uliza `ras-mc-ctl --errors`. Hapa ndipo RAM yenye ECC, yaani inayokagua na kusahihisha makosa yake, inapozungumza. ECC ya kawaida huweka biti 8 za ukaguzi kwa kila biti 64 za data. Biti moja ikigeuka inasahihishwa kimyakimya na kaunta inapanda. Mbili zikigeuka kwa pamoja zinagunduliwa lakini hazisahihishiki, na hapo kerneli kwa kawaida huua programu husika au kujiua yenyewe. Utafiti uliochapishwa 2009 kwa data ya seva za Google ulikuta kwamba takriban theluthi moja ya mashine, na zaidi ya 8% ya vipande vya RAM, vilipata kosa la kusahihishika angalau mara moja kwa mwaka. Ulionyesha pia kwamba kipande kilichoanza kutoa makosa hayo kina uwezekano mkubwa zaidi wa kutoa lile lisilosahihishika. Kosa moja kwa mwaka lisikunyime usingizi. Mia tatu kwa siku, yote kwenye kipande kilekile, hayo ni mawingu, na mvua iko njiani.

Kaunta ikisoma sifuri usishangilie haraka. Kwenye seva nyingi fimwea, programu iliyo ndani ya maunzi yenyewe, ndiyo inayoyapokea makosa kwanza na kuyaficha yasifike kwa kerneli mpaka yapite kizingiti fulani. Linux inaona usafi, BMC inajua yote. Kwa hiyo soma madaftari yote mawili au usiseme umesoma.

Udhaifu mkubwa wa logi ya mfumo endeshi ni mistari ya mwisho, ile unayoihitaji kuliko yote, kwa sababu hufa ikiwa bado haijafika kwenye diski. Tiba yake ni kuandaa mtego kabla ya kifo kijacho: netconsole itume maneno ya kerneli kwa mashine nyingine kupitia mtandao, au `ipmitool sol activate` ikae wazi kwenye kompyuta nyingine ikirekodi konsoli, au kdump ihifadhi picha ya RAM baada ya panic. Nusu saa ya kuandaa. Usipoandaa, kifo kijacho nacho kitapita bure.

Memtest: nzuri, ila si pale unapodhani

Memtest86+ inawaka peke yake bila mfumo endeshi, inaandika na kusoma mifumo mbalimbali ya biti kwenye RAM karibu yote, na ikikuta kosa inakupa anwani. Tangu toleo la 6 la mwaka 2022 inawaka vizuri kwenye mashine za UEFI, mfumo wa kisasa wa kuwashia kompyuta. Ikionyesha mstari mwekundu, umepata ushahidi mzito. Kwa kompyuta isiyo na ECC, yaani seva nyingi ndogo zilizojengwa kwa vipuri vya kompyuta za mezani, ndiyo chaguo langu la kwanza baada ya logi, kwa sababu hapo hakuna kaunta ya kukuambia chochote.

Kwenye seva yenye ECC mambo yanageuka. ECC inasahihisha kosa la biti moja kabla memtest haijaliona. Kipande kinaweza kuwa kinakosea mara elfu kwa saa, na memtest ikasoma data safi kila mara, kwa sababu ECC imefanya kazi yake. Isipokuwa toleo ulilonalo linajua kusoma kaunta za ECC za prosesa hiyo hasa, jibu la "hakuna kosa" halina uzito. Na RAM za DDR5 zimeongeza mkanganyiko: zina usahihishaji wa ndani ya chipu, watu wakiuona kwenye tangazo wanadhani wamenunua ECC. Ule ni wa chipu kujirekebisha yenyewe, haulindi data ikiwa njiani kwenda kwa prosesa na wala hauripoti kwa mfumo.

Gharama yake ni muda wa seva kuwa nje ya kazi. Mashine yenye RAM ya mamia ya gigabaiti inaweza kuchukua siku nzima kwa mizunguko michache. Kuna memtester inayokimbia ndani ya Linux bila kuzima huduma, lakini haiwezi kugusa RAM inayoshikiliwa na kerneli, na huko ndiko panic nyingi huzaliwa.

Kuikamua

Njia ya tatu ni kuibebesha seva mzigo mpaka ikiri. stress-ng na stressapptest zinafaa, lakini ninayoiamini zaidi kwa prosesa ni mprime, programu ya watu wanaotafuta namba tasa kubwa. Kila hesabu yake inajulikana inapaswa kutoka vipi, kwa hiyo prosesa ikikosea hata kidogo inaandika:

`FATAL ERROR: Rounding was 0.5, expected less than 0.4`

Mashine haikuzimika, haikuganda, ila imekosea hesabu, na sasa unajua. Ukichagua hesabu ndogo zinazoenea ndani ya kache, kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa, mzigo unabaki kwa prosesa na joto linapanda kupita kiasi. Ukichagua kubwa, RAM inaingia mchezoni. Ukichanganya zote, kama inavyopendekeza yenyewe, utapata kosa bila kujua ni la nani. Anza na ndogo.

Kwa kifo cha kimya kinachotokea wakati wa mzigo, kukamua hakuna mpinzani. Umeme na joto hujitokeza hapa. Tazama vihisi joto huku ukikamua: prosesa za sasa hupunguza kasi kwanza zikikaribia ukomo wao, na zikishindwa hujizima zenyewe. Kasi ikianguka ndani ya dakika mbili ilhali feni zinanguruma, fungua kifuniko uangalie vumbi na pesti ya joto iliyokauka kabla hujafikiria kitu cha gharama.

Lakini kuna seva zinazokufa zikiwa zimelala. Zinapita mprime saa 24 bila kosa, kisha Jumapili asubuhi, hakuna hata mtumiaji mmoja, zinaganda. Mzigo hauwezi kuonyesha hilo kwa sababu mzigo ndio unaozizuia kulala. Prosesa isiyo na kazi huingia kwenye usingizi mzito ili kuokoa umeme, na hitilafu iko kwenye kuingia au kuamka. Jaribio lake ni kinyume: zima hali za usingizi mzito kwenye BIOS, mipangilio ya kuwashia mashine, na usubiri. Mfano unaojulikana ni EPYC za kizazi cha Rome: AMD ilieleza kwamba kiini cha prosesa kinaweza kushindwa kuamka kutoka usingizi huo takriban siku 1,044 tangu seva iwashwe mara ya mwisho. Hakuna kipimo cha usiku mmoja kitakachokamata kosa linalosubiri karibu miaka mitatu.

Wala usimwache prosesa nje ya orodha kwa mazoea ya kusema "prosesa haziharibiki". Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikidhoofika kwa volteji iliyopanda kupita kiasi, ikatoa microcode (maagizo ya ndani ya prosesa) ya kurekebisha. Zilizokwisha kudhoofika hazikupona kwa sasisho hilo. Waendeshaji wa seva za michezo, waliozipenda kwa kasi yake, walikuwa miongoni mwa waliopiga kelele mapema.

Na kabla hujaikamua seva yenye data za watu, hakikisha una nakala iliyojaribiwa kurejeshwa. Unakusudia kuiangusha mashine, na ikianguka katikati ya kuandika, diski haitakuonea huruma.

Diski, kwa ufupi

Diski mara nyingi hugandisha huduma kuliko kuua seva nzima. Soma `smartctl -a`, inayoonyesha SMART, yaani taarifa za afya ambazo diski hujiandikia: sifa ya 197 ikipanda ujue kuna sekta zinazosubiri hukumu, na ya 199 ikipanda badilisha kebo kabla ya diski. SMART safi haimaanishi diski nzima. Data za Google za mwaka 2007 zilionyesha kwamba zaidi ya 36% ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa ishara yoyote ya SMART ukiacha joto. Kwa SSD angalia toleo la fimwea pia. Mwaka 2019 HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka mitatu, siku 270 na saa 8. Ukiwa nazo nane zilizowashwa siku moja, RAID, mpangilio wa diski kulindana, haikusaidii kitu.

Kuhamisha vipuri

Hii ndiyo njia ya zamani kuliko zote, na watu huifanya vibaya. Kununua kipande kipya cha RAM na kukiweka mahali pa kilichoshukiwa kunakuachia maswali: kosa likiisha, je, kilikuwa kipande, au sloti iliyokuwa na vumbi, au ni kule kuchomoa na kuchomeka tu? Hamisha, usibadilishe. Kaunta inasema kosa liko sloti ya B2. Kitoe kipande cha B2 ukiweke A1, na cha A1 ukiweke B2. Kosa likihamia A1, kipande kina hatia. Likibaki B2, tazama sloti, pini za soketi ya prosesa, na prosesa yenyewe, kwa kuwa kidhibiti cha RAM kiko ndani yake. Likipotea kabisa, kilikuwa ni kiunganishi, na hujatumia hata senti.

Ukiwa na seva mbili pacha, hamisha diski zote kwenye pacha wake. Vifo vikifuata diski, ni mfumo, programu au diski zenyewe. Vikibaki kwenye sanduku la zamani, ni maunzi mengine. Sijui jaribio jingine linaloumaliza ubishi kati ya timu ya programu na timu ya mashine haraka hivyo.

Tatizo la njia hii ni subira, na hapa hesabu inasaidia. Chukua seva inayozimika bila mpangilio, kwa wastani mara moja kila siku 10. Umehamisha kipande, siku 10 zimepita salama. Umepona? Kuna uwezekano wa 37% kwamba hujagusa chochote cha maana, ni bahati tu. Siku 20, bahati inabaki 14%. Siku 30, inashuka hadi 5%, na hapo ndipo mimi huanza kuamini. Mara tatu ya wastani. Sasa pima mwenyewe: kugawa vipande 8 vya RAM nusu kwa nusu hadi ubaki na kimoja ni raundi tatu. Kwa seva inayokufa kila saa, ni kazi ya mchana mmoja. Kwa inayokufa kila siku 10, ni miezi mitatu. Kwa hiyo usianze kugawa nusu kwa nusu mpaka upate njia ya kuliita kosa lije haraka, kwa kuikamua.

Na kitu kimoja kwa wakati. Najua unajua. Lakini saa kumi alfajiri, simu zikilia, kila mtu hubadilisha RAM, husasisha BIOS na kuhamisha kebo kwa pamoja, kisha haijulikani nini kilichoponya, wala nini kitarudi.

Kwa anayetaka kuziona pamoja:

| Njia | Seva inazimwa? | Inafaa zaidi | Inapofushwa na |
|---|---|---|---|
| Logi za BMC na mfumo | Hapana | Umeme, joto, RAM yenye ECC, watchdog | Volteji inayozama kwa milisekunde. Logi isiyofika kwenye diski |
| Memtest | Ndiyo, usiku au siku nzima | RAM isiyo na ECC | ECC yenyewe. Kila kosa lisilo la RAM |
| Kukamua | Kwa vitendo, ndiyo | Pawa saplai, upoaji, prosesa | Vifo vya wakati wa kulala |
| Kuhamisha vipuri | Kwa dakika chache tu, ila kusubiri ni wiki | Kuthibitisha mshukiwa mmoja | Vifo vya nadra; kubadilisha vingi kwa pamoja |

Kama seva ni ya kukodi na iko mbali, njia ya mwisho kwenye jedwali si yako. Hapo logi ndiyo silaha pekee. Mhudumu wa kituo akipata barua inayosema "seva yenu mbovu, inazimika" atakujibu kwamba wamepima na iko sawa, na pengine kweli alipitisha memtest mzunguko mmoja. Mpelekee mstari wa SEL, jina la sloti, idadi ya makosa na saa zake kwa UTC, kisha omba kwa maneno hayahaya ahamishe diski zako kwenye sanduku jingine la aina ileile. Ombi hilo ni rahisi kwake kulikubali kuliko kukiri ubovu. Na usikubali mtu yeyote afute daftari la BMC kabla hujalinakili, maana wengi hulifuta ili tu taa ya onyo izimike.

Nirudi kwenye ile seva ya saa nane usiku. Tulibadilisha pawa saplai iliyokufa, taa ikawa kijani. Ilikuwa ikizimika kwa wastani kila siku 7, kwa hiyo nikaandika siku 21 kwenye kalenda na nikakataa kufunga tiketi. Wenzangu walinicheka. Siku ya 16 ikazimika tena, safari hii saa tano asubuhi. Hakuna aliyetafuta flashi ya memtest. BMC iliporudiwa na umeme ilikuwa imeandika "AC lost" kwa pawa saplai zote mbili. Tukazunguka nyuma ya raki. Kebo zote mbili, zile za kulindana, zilikuwa zimechomekwa kwenye ekstensheni moja, na mtu alikuwa ameizima achomeke kikaushia mikono cha choo cha jirani.